Hodi hodi! Heri ya sikukuu ya Mtakatifu Brigita

Wapendwa habari za jioni, leo tarehe 31 Januari na huku Ayalandi kesho ni Lá Fhéile Bríde, sikukuu ya Mtakatifu Brigita, ndo siku ambayo wenyeji wanahesabu majira ya kuchipua yameanza. Sasa ukitoka nje baridi inauma masikio, miti haina hata jani moja! Mwaka wa kwanza sikuelewa kabisa mpaka bibi jirani yangu, mtu wa shamba huyo, akaniambia mwanangu sisi hatukuhesabu kwa maua, tulihesabu kwa kondoo. Yaani hii sikukuu zamani sana kabla ya Ukristo iliitwa Imbolc, ndo kipindi kondoo wenye mimba wanaanza kujaa maziwa, na watu waliokula akiba miezi yote ya giza wakiona vile wanajua tumevuka.

Brigita mwenyewe inasemekana alizaliwa Faughart karibu na Dundalk kwenye mwaka 450 hivi, akaanzisha monasteri Kildare, ila jina lake lilikuwepo kabla yake, la mungu wa kike wa mashairi, uganga na uhunzi, na hadithi zao zimesukwa pamoja mpaka huwezi tena kuzitenganisha. Pale Kildare kulikuwa na moto wake uliolindwa na masista usiku na mchana, ukaja kuzimwa, wakauwasha tena 1993 na mpaka leo unawaka.

Lakini kinachonigusa mimi ni usiku wa leo. Kwa desturi msichana wa nyumba anatoka nje gizani na fungu la yale majani marefu ya kwenye majimaji, yanang'olewa kwa mkono hayakatwi kwa kisu, anasimama mlangoni anaita, pigeni magoti, fumbueni macho, mwacheni Brigita aingie! Na walioko ndani wanajibu karibu, karibu. Jamani si ni hodi yetu hii?? Mie nilisikia hivyo nikakumbuka kwetu nikanyamaza kidogo. Basi akiingia wanakula viazi vya kuponda na siagi nyingi, halafu wanakaa kusuka misalaba kwa yale majani, wanapindapinda kuanzia katikati mpaka inatoka mikono minne, kama tunavyosuka matawi ya Jumapili ya Matawi ila huu una umbo lake, unapachikwa juu ya mlango kukinga nyumba na moto na maradhi. Na nje wanatundika kitambaa, brat Bríde, Brigita akipita usiku anakibariki, asubuhi kinatunzwa mwaka mzima, ukiumwa kichwa unafungwa, ng'ombe akizaa kwa shida anawekewa mgongoni.

Tangu 2023 imekuwa sikukuu ya taifa, ya kwanza nchini humu yenye jina la mwanamke, na kwa kweli nilifurahi, maana kazi ya usiku huu miaka yote imebebwa na akina mama majumbani.

Basi salamu ziwafikie wote, na kipekee akina Brigita wote wa Tanzania na Kenya, dada zangu kesho ni siku yenu. Mie kitambaa changu nimeshakitundika dirishani, ni kipande cha kanga ya mama, msalaba nao bibi kanisukia. Beannachtaí na Féile Bríde, baraka za sikukuu ziwe kwenu, na Brigita akipiga hodi mwitikieni karibu 🙏🏾