Wifi yangu, nilisikia

Wifi yangu,

Nimetoka eda Ijumaa iliyopita. Miezi 4 na siku 10 nimekaa ndani, na hakuna siku iliyopita bila kukutungia jibu kichwani. Kukupigia simu siwezi, sauti itanikatika. Basi naandika, na naandika hadharani kwa sababu maneno yako nawe uliyasema mbele za watu.

Wajua ni siku gani. Siku ya tatu, kabla ya khitma. Nyinyi mko ukumbini, mmezunguka sinia mnachambua mchele wa pilau. Mimi niko chumbani, pazia limeshushwa. Ukasema, "Si sukari iliyomuua kakangu. Ni lile gari." Mmoja akakwambia nyamaza, mfiwa anasikia. Ukajibu, "Na asikie."

Nilisikia. Nikasikia na mchele ukiendelea kuchambuliwa, hakuna aliyesema neno la kunitetea.

Gari alilitaka yeye. Miaka 31 alikaa juu ya kreni pale bandarini Mombasa akipakia makontena kwenye malori, na jioni akirudi ananiambia leo mzigo wa Kampala, leo wa Kigali. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Voi. Alipostaafu akaniambia, "Nataka kuiona njia iliyopita mizigo yangu." Ndipo tukanunua ile Hiace iliyochoka, fundi wa Changamwe akang'oa viti, akatia kitanda cha mbao, kabati na jiko la gesi. Mapazia ulishona wewe, wifi. Umesahau? Kitambaa cha maua ya buluu, na pesa ukakataa.

Hatukukimbizana na mtu. Siku 19 mpaka Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, njia ambayo lori huimaliza kwa siku chache. Tulilala tulipochoka, mradi pana taa na watu: Maungu, Mtito Andei. Makindu tulikaa siku mbili kwenye hekalu la Kalasinga, ambalo liko pale tangu 1926 na humlisha mpita njia yeyote bila kumuuliza dini wala kumtoza hela. Kakako alikula dengu na chapati, akakunja mikono ya kanzu akaosha vyombo pamoja nao, na tulipoondoka machozi yalimlenga.

Dawa nilikuwa nayo mimi. Insulini ilikaa ndani ya boksi la barafu, na kila mji nikishuka cha kwanza ni kutafuta barafu, kwa wauza samaki, kwa wauza soda. Asubuhi namdunga, jioni namdunga, nampima kidoleni, naandika. Daftari ninalo. Njoo ulisome, hakuna siku niliyoruka.

Timboroa peke yake ndipo ninapojilaumu. Pale ni karibu mita 2,700 juu ya bahari, na sisi watu wa Pwani tumebeba blanketi mbili. Usiku kucha alitetemeka. Nilimzungushia leso zangu zote, nikawasha jiko nikamchemshia tangawizi, kikombe kikimgongagonga kwenye meno. Alfajiri nikamwambia turudi. Akasema, "Nirudi na Malaba sijaiona?" Nikakubali. Kwa hilo nilaumu. Lakini wewe ungemgeuza? Kakako yule?

Malaba malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamekaa kivulini mwa matrela wanapika. Alitembea mstari mzima akisoma namba za makontena, akiyapapasa kwa kiganja kama mtu anayesalimia watoto. Kisha akakupigia simu. Mlicheka sana, nilikuwa pembeni yake, nikakusikia ukimwagiza ndizi za Uganda. Siku hiyo gari halikuwa na kosa.

Alifia kitandani kwake Kisauni, wiki tatu baada ya kurudi, Mola amrehemu. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwepo alipolisema.

Mumeo anastaafu mwakani. Wifi, usimwache akae barazani kuhesabu bodaboda. Muulize anataka nini, umpe angali na miguu yake. Mimi nilimpa, kwa sababu miaka yote nilikuwa namwambia ngoja. Ngoja watoto wamalize shule, ngoja tuezeke nyumba, ngoja mama apone. Mama yenu, niliyemuuguza mimi, wewe ukija Idi hadi Idi.

Hilo sikutaka kuliandika. Limetoka.

Gari liko palepale chini ya mwarobaini. Kijana wa jirani alikuwa akiliwasha kila Jumapili betri isife, nami nikilisikiliza nyuma ya pazia. Nasikia umewaambia wanangu liuzwe. Haliuzwi. Mapazia yako bado yamo, yameshika vumbi jekundu la Voi na sijayafua. Njoo tuyafue. Njoo mchana, na upite mlango wa mbele.