Ndoo ya maji ya kisima

Mwanza, Jumapili jioni

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, mama anakusalimu na kila siku anauliza utakuja lini. Barua yako niliipata Jumatano na nimeisoma mara tatu kwa sababu ya lile swali la mwanafunzi wako: kama mbolea ya mimea imejaa baharini, mbona kuna sehemu za bahari ni buluu tupu, mimea haistawi? Mwambie mtoto huyo kwamba swali lake liliwaumiza vichwa wataalamu kwa miaka mingi.

Nianzie hapa nyumbani. Unakikumbuka kile kisima tulichochimba Buswelu? Maji yakitoka kwenye pampu ni maangavu, unahesabu vidole vyako ndani ya ndoo. Yaache wazi: kabla ya saa mbili kupita yameanza umanjano, na kufika asubuhi chini ya ndoo pamelala utando mwekundu kama udongo wa kichuguu. Ukiyachemshia chai, chai inakuwa nyeusi kama wino. Mama alikasirika, akaona fundi katudhulumu. Fundi hakuwa na kosa. Kule chini oksijeni haifiki, na chuma pasipo oksijeni huyeyuka ndani ya maji, hukioni kabisa. Kikipandishwa juu kikakutana na hewa, kinageuka kutu, kinagandamana na kuzama.

Jibu la mwanafunzi wako limo ndani ya ndoo hiyo.

Ile mimea midogo ielelayo baharini, fitoplanktoni, inataka naitreti na fosfeti, ndiyo mbolea yenyewe, kama shamba lolote. Lakini inataka pia chuma kidogo, maana bila chuma haiwezi kutengeneza umbijani, ile rangi yake ya kijani, wala kuendesha usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Katika bahari inayozunguka Antaktika, Pasifiki ya ikweta na Pasifiki ya kaskazini, naitreti inabaki bila kuliwa mwaka hadi mwaka kwa sababu chuma hakitoshi. Chukua simtanki la lita 1,000, lijaze maji ya juujuu ya sehemu hizo: chuma kilichoyeyuka humo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu. Maji ya bahari yana oksijeni, kwa hiyo chuma hupatwa na yaleyale ya ndoo yetu, kinakuwa kutu na kwenda chini. Na nchi kavu iko mbali mno kuiletea mimea hiyo vumbi la kutosha lenye chuma.

Aliyelisimamia wazo hili kwa nguvu ni Mmarekani John Martin, mtaalamu wa bahari. Mwaka 1988 aliwaambia wenzake kwamba wakimpa chuma cha kujaza nusu ya meli atawaletea zama za barafu, kwa jinsi mimea hiyo ingeivuta hewa ya kaboni inayoipasha dunia joto. Alifariki Juni 1993, na inanisikitisha kwamba hakuyaona matokeo. Miezi minne baadaye wenzake walimwaga kilo 450 za chuma kwenye kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos, na umbijani ukaongezeka kama mara tatu. Siku chache tu, kisha maji yale yakazama chini ya maji mengine na kazi ikaishia hapo.

Visiwa vyenyewe havihitaji meli. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nivumilie nikueleze taratibu. Kuzunguka kisiwa kuna mashapo, tope lililotokana na miamba inayosagika na mabaki ya viumbe. Ndani ya tope hilo bakteria wanakula mabaki mpaka oksijeni inakwisha, na chuma kinayeyuka, sawasawa na kule chini ya Buswelu. Kinachuruzika kidogokidogo kwenye maji yaliyo juu ya tope. Mkondo ukipita unakikumba, mawimbi na maji kupwa na kujaa vinakipandisha. Sehemu kubwa inageuka kutu njiani, lakini kiasi fulani kinashikwa na kemikali zitokanazo na viumbe hai, zinazokizuia kisizame, ndiyo maana kinasafiri mbali.

Tazama ramani, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, utaona visiwa vya Kerguelen vya Wafaransa. Mkondo unaozunguka Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki haukutani na bara lolote la kuuzuia, ila hapo unagonga uwanda mkubwa ulio chini ya maji. Kila kiangazi cha huko bahari inakuwa kijani juu ya uwanda huo, eneo la takribani kilomita za mraba 45,000. Fikiria theluthi mbili za ziwa letu zima! Watafiti waliokwenda huko mwanzoni mwa 2005 waligundua kwamba kwa kila kiasi cha chuma, kaboni iliyozama kilindini ilikuwa angalau mara kumi ya ile iliyopatikana kwa kumwaga chuma kwa mkono. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Kisiwa kinalisha polepole msimu mzima, meli inamwaga na kuondoka.

Galápagos nako kuna ajabu yake. Chini ya uso wa Pasifiki, juu ya mstari wa ikweta, upo mkondo unaokwenda mashariki, na sehemu ya chuma chake unakiokota kwenye mashapo ya Papua New Guinea, maelfu ya kilomita nyuma. Ukigonga visiwa unapanda juu, na upande wa magharibi wa Isabela, kimojawapo cha visiwa hivyo, maji yanakuwa na uhai mwingi. Tope la kisiwa wasichokijua linalisha samaki wa kisiwa kingine.

Usiwaambie wanafunzi kwamba ziwa letu liko hivyohivyo. Letu linaugua kwa kushiba: mbolea na maji taka yameliingia mno, na kwenye ghuba za mji kuna siku maji yanakuwa mazito, kijani kama mchuzi wa mlenda. Nikipita Kirumba na kuona hivyo naumia kweli.

Sasa naomba jambo. Kisima cha maji ya kutu hakikosekani huko kwenu. Mtume mwanafunzi huyo alete ndoo moja iliyotoka kuvutwa sasa hivi, muiweke dirishani tangu kipindi cha kwanza, na kila kengele ikigonga aandike rangi yake. Usimwambie kitu mpaka atakapoona utando.

Dagaa kilo mbili nimewaweka kwenye kiroba, nimemkabidhi kondakta wa basi la kesho alfajiri. Ni wa Ukerewe, wameanikwa juu ya chanja, hawana mchanga.

Wako,
Neema