Kabla hujavuka kwenda Kilwa Kisiwani

Mwanangu kipenzi,

Nimefurahi mno kusikia kwamba Juni unashuka Kilwa na kamera kupiga picha za magofu ya mji wa kale kisiwani. Nakuandikia mapema kwa sababu picha ya gofu isipopangwa hupendeza macho, lakini mtu wa historia haimfai kitu.

Kibali kate Kilwa Masoko kabla hujapanda mashua, na mwongozaji mchukue huko huko. Waulize manahodha saa za maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hutoka mbali sana, ukashuka na kutembea majini na begi kichwani, kwa hiyo kamera iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Jioni ipanguse kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, maana chumvi ya hewani hula chuma polepole.

Sasa mwanga. Hapa ndipo wengi huharibu. Kibla cha Kilwa, yaani upande wa kuelekea Makka, ni kaskazini, kwa hiyo mihrabu ya Msikiti Mkuu, kile kishubaka cha imamu, inatazama kusini. Juni jua hupita upande wa kaskazini: mihrabu itashinda kivulini, na anga juu ya ukuta itawaka nyeupe, kwa kuwa sehemu ile kongwe, ya karne ya 11, haina paa. Usitumie flashi, inafuta kina cha nakshi. Pima mwanga kwenye jiwe, kamera iwe juu ya stendi, f/8, ISO 100, na uache lenzi ifunguke kwa muda mrefu. Lakini uso wa nje wa ukuta huo huo, saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi, jua huupitia kwa ubavu, na kila kiraka cha lipu kinaonekana. Saa sita ukuta wote ni bapa. Saa hizo ingia chini ya kuba za upande wa kusini, ulioongezwa karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15 baada ya kuporomoka.

Jongelea mawe, mwanangu. Kuta ni za matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, yana mashimo na magamba ya kombe. Penye nakshi utaona jiwe jingine, lenye vitundu vilivyobanana, kila kimoja yapata milimita moja. Hilo ni tumbawe bichi la baharini: huchongwa likiwa laini, kisha hukauka na kuwa gumu. Piga yote mawili kwa karibu, na rula ya sentimita 10. Rula iguse usawa ule ule wa jiwe; ikisogea mbele kidogo tu, kipimo kinadanganya. Kwa ukuta mzima tumia fimbo ya mita 1. Picha ya kwanza ya kila mahali iwe ya karatasi yenye jina la jengo, tarehe na upande unaotazama.

Utakanyaga vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vingine vya kijani kutoka China. Usiokote hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na kigae kikitolewa mahali pake hakiwezi tena kutueleza umri wa tabaka la ardhi lililokihifadhi. Kipige kilipo, kisha rudi nyuma upige eneo.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lizungukie birika la pembe nane. Kila picha ifunike theluthi mbili za iliyotangulia, kwa kimo cha kifua, kisha juu ya kichwa. Usiguse zumu. Upepo ukitikisa majani, ngoja utulie, la sivyo kompyuta itashindwa kuziunganisha picha hizo ziwe umbo moja la birika.

Gereza, ile ngome ya kale ya ufukweni, lipe muda kuliko yote. Bahari inalila; mmomonyoko huo ulichangia magofu haya kuwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Tafuta picha za zamani, simama pale pale aliposimama mpigaji, linganisha pembe za madirisha, na uandike umesimama hatua ngapi kutoka mlangoni.

Usifute picha yoyote kabla sijaiona, hata iliyotoka giza.

Mama yako