Kateni miti midogo, kisha washeni moto

Mhariri,

Kila moto mkubwa unapozuka magharibi mwa Marekani, ubishi ni ule ule. Wengine wanataka msitu uachwe kama ulivyo, wengine wanataka misumeno iingie. Naona pande zote mbili zinausahau moto mdogo uliokuwa ukipita humo tangu zamani.

Msonobari wa ponderosa, mti wa misitu hiyo, umeumbwa kuishi na moto. Gamba lake ni nene, na ukishakomaa hupukutisha matawi ya chini, kwa hiyo moto unaokula nyasi na majani makavu haupati pa kushika. Moto wa namna hiyo ulipita kila baada ya miaka michache, mwingine wa radi, mwingine wa kuwashwa na watu. Kaskazini mwa California, Wakaruk na Wayurok, wenyeji wa asili wa huko, walichoma kwa makusudi na kwa ujuzi, hadi wakakatazwa.

Kisha ukaja moto wa Agosti 1910. Ndani ya siku 2 uliteketeza takriban ekari milioni 3, nyingi zikiwa Idaho na Montana, na kuua wazima moto zaidi ya 70. Serikali ikaapa kutouvumilia moto wowote. Mwaka 1935 ikatoka amri kwamba moto ulioonekana leo uwe umedhibitiwa kufikia saa 4 asubuhi ya kesho yake.

Amri hiyo ilifanikiwa kupita kiasi. Miche ambayo ingeungua ikiwa bado ya magotini ikaota kwa maelfu na kubanana. Ukiingia kwenye msitu wa aina hiyo leo utakuta miti myembamba iliyosongana hata kupenya ni kazi, matawi yake makavu yakianzia karibu na ardhi na ncha zake zikigusa matawi ya miti mikubwa. Moto ukiwaka chini hupanda hapo kama ngazi, na ukishafika juu, ndege na helikopta haziusimamishi kirahisi.

Kwa hiyo ndiyo, miti ikatwe. Lakini ipi? Miti minene ndiyo yenye soko, na ndiyo hiyo hiyo inayostahimili moto. Ile myembamba ndiyo hatari, na haina mnunuzi wa maana. Nikisikia mradi wa "kusafisha msitu" swali langu la kwanza ni unene wa miti inayotolewa. La pili ni matawi yanakwenda wapi, kwa sababu yakiachwa yakaukie pale chini, mmeuandalia moto karamu. Yarundikwe yachomwe, kisha sakafu yote ya msitu ichomwe polepole wakati wa unyevu, na baada ya miaka kadhaa watu warudi tena.

Kwamba inawezekana, tumeona. Julai 2022 moto uliingia Mariposa Grove, ndani ya hifadhi ya Yosemite huko California, penye misekwoia mikubwa, miti minene kupindukia. Pale palikuwa pamechomwa kwa mpango mara nyingi tangu miaka ya 1970, na miti ile ilinusurika. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2020, moto wa Castle, huko huko California, uliua misekwoia mikubwa isiyopungua 7,500, mingi katika maeneo yaliyokaa muda mrefu bila moto.

Sitaki kuficha upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2022 huko New Mexico, moto wa mpango uliponyoka, ukaungana na mwingine na kula zaidi ya ekari 340,000 pamoja na nyumba za watu. Wakazi wana haki ya kuuliza nani amepima upepo, na nani ana mamlaka ya kusema leo hatuwashi. Wala dawa hii si ya kila mahali: vichaka vya chaparali kusini mwa California vinaharibika vikichomwa mara kwa mara, na misonobari ya hifadhi ya Yellowstone kwa asili huungua kwa moto mkubwa baada ya karne moja au zaidi.

Fedha za kuzima hupatikana upesi moshi ukishaonekana kwenye televisheni. Za kurudi kuchoma tena pale palipokwisha kupunguzwa miti hazina mtetezi. Basi Mhariri, mkichapisha habari za ekari zilizopunguzwa miti, waulizeni wahusika ni ngapi kati yake zilichomwa baadaye, na zamu ijayo ni mwaka gani.

Msomaji wenu