Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wazamiaji, Pamoja na Maelezo Kuhusu Safari ya Raja Ampat

Wanachama wapendwa,

Katiba inanitaka niwasomee taarifa kila mwaka, nami sijawahi kukosa tangu mnichague. Mnayoyajua nitayapita mbio. Tulizamia Watamu mara tatu, Kisite mara mbili, na kwenye Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili samaki wapate makao, mara sita. Kusi ilipoanza tulisimama kama kawaida. Ufuo tulisafisha. Vijana wanne walipata cheti cha kwanza. Kompresa ya kujazia mitungi hewa ilitengenezwa, na ile bei ya fundi ilishuka kwa sababu kuna mtu alisimama juani Jumamosi nzima akibishana naye. Sitaji jina.

Fedha: wanachama 46, ada shilingi 6,000, waliolipa 19, jumla 114,000. Kompresa 68,000, mafuta ya boti na mengineyo 39,500, salio 6,500. Mweka hazina ana risiti. Waliobaki 27 hawakosi kwenye picha za boti, lakini kwenye daftari la ada hawaonekani.

Sasa nije kwenye jambo linalosemwa barazani kuliko kikaoni, yaani safari ya Indonesia, kwenye visiwa vya Raja Ampat.

Inadaiwa kwamba mwenyekiti “alijiamulia”. Akidi yetu ni theluthi moja, watu 16. Kikao cha kwanza cha kujadili safari walikuja 9. Cha pili tulikodi ukumbi, tukapanga viti arobaini, sambusa zikaletwa beseni zima. Walikuja 11, na mmoja wao alikuwa amemfuata mwenzake wampitie fundi wa simu. Tulikaa mpaka sambusa zikapoa, nyingine akaondoka nazo bawabu. Katiba inasema vikao viwili vikikosa akidi, kamati iamue. Kamati ikaamua. Aliyekuwa kwake akitazama mpira siku hiyo asiniulize leo nani alinipa ruhusa.

Wapo waliotaka Misri. Ni karibu, nauli ni nafuu, na Bahari ya Shamu ina Thistlegorm, meli ya Waingereza iliyozamishwa na ndege za Wajerumani mwaka 1941, pikipiki za jeshi zikiwa bado zimo ndani yake. Sikatai, ina uzuri wake. Lakini meli iliyozama sisi tunayo hapa, mwendo mfupi wa boti. Matumbawe ya Raja Ampat hatunayo. Jina lenyewe maana yake ni wafalme wanne, kwa visiwa vinne vikubwa: Waigeo, Batanta, Salawati na Misool. Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Gerald Allen alihesabu aina 374 za samaki pale Cape Kri katika mzamo mmoja tu. Sisi tulijaribu mchezo huo Watamu, tukafika aina 41 tukaanza kugombana kama chafi wawili ni aina moja au mbili. Kuna na papa mdogo wa huko anayetembea juu ya mwamba usiku kwa mapezi yake, kama mtu anayetafuta ndara gizani. Samaki taa wakubwa wa manta wanalindwa kwa sheria Indonesia nzima tangu 2014.

Lawama ya pili ni msimu. “Kwa nini Novemba, kaskazi ikituletea maji safi hapa kwetu? Twende Agosti, wakati wa kusi!” Hoja hii ingekuwa nzuri kama bahari yao ingekuwa inasubiri ratiba yetu. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini huko huvuruga maji, na meli nyingi za wazamiaji huhamia Komodo, sehemu nyingine ya Indonesia. Msimu wao mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Mimi sikuuumba upepo.

Ya tatu, na hii ndiyo iliyonifanya ninyimwe salamu msibani, ni sharti la kuwa umezamia mara 50 na una cheti cha kushuka mita 30. Ndiyo, nililiandika mimi. Kwenye Mlango-bahari wa Dampier, huko huko Raja Ampat, maji hupita kati ya visiwa yakienda kasi, na pengine mzamiaji hujinasa mwambani kwa ndoano na kubaki akipeperuka kama bendera. Nilikuwa na mwenzetu mmoja pale Dania, tumeshuka na mitungi iliyojaa, shinikizo la hewa baa 200. Dakika ya 22 akanionyesha geji: 50. Mikono inapiga maji kama anayefukuza nyuki, na jaketi la kuelea analijaza hewa na kuimwaga, anajaza na kuimwaga. Nilimpandisha salama, tukasimama mita tano dakika tatu akipumulia regulata yangu ya akiba, yaani kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi. Nampenda kama ndugu yangu, na daftari lake lina mizamo 17. Afikishe 50, nafasi nitamwachia.

Ipo na ile ya siku ya mwisho. Eti tunalipia siku nzima ya kutazama maji. Baada ya kuzamia siku mfululizo, ushauri ni kusubiri saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya viputo shinikizo la hewa linaposhuka angani. Anayetaka kujaribu ajaribu kwa gharama yake.

Kuhusu pesa: nafasi 12, arubuni dola 600 kila moja, jumla 7,200. Haikutoka hata senti kwenye mfuko wa chama. Waliolipa ni tisa. Dola 1,800 za nafasi tatu nilizifidia mfukoni mwangu, na arubuni hairudi. Ni kweli wakala anatoa nafasi moja ya bure kwa kila kumi zinazolipiwa, nayo ni ya kiongozi wa msafara. Aliye tayari kubeba pasipoti, bima, vyeti vya homa ya manjano na mizio ya chakula ya watu kumi na wawili ajitokeze leo. Nilitangaza, hakujitokeza mtu.

Tutapitia Jakarta, kisha Sorong, halafu siku kumi kwenye pinisi, jahazi la mbao la mafundi wa Sulawesi ambao ufundi wao UNESCO iliutambua 2017. Chakula halali tumekwisha kukiuliza. Saa za huko ziko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo saa ya ukutani Sorong ikionyesha moja mchana, Mombasa ndiyo saa moja asubuhi yetu ya Kiswahili. Ni mahali pa kwanza nitakapofika ambapo saa inasema kama nyanya yangu.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kupata boti yetu wenyewe, au injini angalau, na mambo ya mafunzo ya watoto yatatazamwa.

Uchaguzi ni mwezi ujao; fomu ziko kwa katibu, na asiyelipa ada hapigi kura. Jozi saba za mapezi ya chama ziko majumbani mwa watu. Naomba zirudishwe kabla ya Ijumaa, zikiwa zimeoshwa chumvi.

Mwenyekiti