Barua iliyomponza Anthony Burns

Baba shikamoo,

Natumai wote wazima hapo nyumbani, mimi nipo salama ila baridi la Boston halizoeleki. Mzigo wa Bibi nimempa mtu anakuja mwezi ujao.

Baba juzi kwenye simu uliniuliza ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilianzaje, nikakujibu haraka haraka utumwa, basi, lakini toka siku hiyo nafuatilia na kuna kisa cha hapa hapa Boston kimenikaa moyoni. Kuna kijana aliitwa Anthony Burns, miaka 20 hivi, alitoroka utumwani Virginia, jimbo la Kusini, kwa kujificha melini mwanzoni mwa 1854, akafika huku akapata kazi kwenye duka la nguo. Akawakumbuka ndugu, akamwandikia kaka yake barua. Sasa kaka mtu bado alikua mtumwa na barua ya mtumwa inapita kwa bwana kwanza, bwana akaisoma akajua Burns yuko Boston, akafunga safari kumfata. Barua ya nyumbani tu Baba! Mimi nawaandikia nyie wakati wowote nikijisikia.

Na sheria ilikua upande wa bwana. Mwaka 1850 bunge lao lilipitisha sheria kwamba mtoro akikamatwa hata kwenye jimbo lisilo na utumwa lazima arudishwe, mwenyewe haruhusiwi kutoa ushahidi, na kamishna anaeamua akisema arudishwe analipwa dola 10, akisema huyu huru analipwa 5. Fikiria hiyo. Ukimficha mtoro faini mpaka dola 1000 na jela mpaka miezi 6.

Burns alikamatwa tarehe 24 Mei, siku mbili baadae watu weusi kwa weupe wakavamia mahakama wamtoe, mlinzi mmoja akafa na Burns hawakumpata. Kamishna akaamua arudishwe, na tarehe 2 Juni akapitishwa State Street, mtaa ninaopita kila siku nikienda kazini, kazungukwa na askari, watu kama 50,000 wamejaa wanazomea, majengo yamefungwa vitambaa vyeusi, na juu wamening'iniza jeneza limeandikwa Uhuru, hivo hivo mpaka melini kurudishwa Virginia.

Kumbe wakubwa wengi wa Boston kabla ya hapo walikua kimya maana hela yao ni pamba, inachumwa na watumwa Kusini inafumwa viwanda vya Massachusetts, jimbo la hapa Boston, na ile merikani anayoisema Bibi, kitambaa cha pamba kilichokua kinaletwa Zanzibar na meli za Salem, mji wa jirani hapa, ndo hiyo hiyo. Tajiri mmoja wa nguo, Amos Lawrence, aliandika kwamba walilala watu wa kawaida wa siasa za wastani, wakaamka wapinga utumwa wakali kabisa. Mwaka 1855 Massachusetts ikatunga sheria yake ya kuwakwamisha wakamataji, Kusini wakaona wamesalitiwa, na South Carolina, jimbo la Kusini, ilipojitoa kwenye muungano wa Marekani Desemba 1860 ililalamika wazi kwamba Kaskazini hawarudishi watoro. Aprili 1861 mizinga ikalia, vita ikaanza.

Burns mwenyewe alikombolewa, mchungaji mweusi wa hapa Leonard Grimes na waumini wake walichangisha dola 1300, akasoma, akawa mchungaji Kanada, akafa 1862 bado kijana.

Baba mwambie mdogo wangu amrekodi Bibi kwenye simu akisimulia habari za merikani anitumie, asichelewe. Nisalimie wote.

Mwanao