Lile daftari la kijani

South B, Nairobi

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa joto la Djibouti. Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma mara mbili. Kumbe wizara yetu ya mambo ya nje inataka kukuhamishia Ulaya. Cheo kinapanda, watoto watasoma vizuri, hayo nayaelewa. Lakini umeniuliza la moyoni, nami nakwambia: dada yangu, usiharakishe.

Una miaka 9 katika Pembe ya Afrika. Hapo ulipo Wamarekani wana kambi, Wafaransa wana yao, Wajapani na Wachina vilevile, wote wakichungulia mlango mmoja wa bahari, Bab el-Mandeb, wa kuingilia Bahari ya Shamu. Wa kuhesabu meli hawakosekani. Anayejua simu ya nani itapokelewa na nani saa sita za usiku, huyo ni adimu.

Nikikumbuka Mbagathi, hapa Nairobi, nilikuwa karani tu wa kupiga chapa. Mazungumzo ya amani ya Wasomali yalianzia Eldoret Oktoba 2002, yakahamia huku mwaka uliofuata chini ya Balozi Bethuel Kiplagat, aliyekwisha kuhangaikia amani ya Msumbiji kabla ya hapo. (Najua wapo wanaomlaumu kwa mengine, mimi nasema la Mbagathi.) Orodha za wabunge 275 wa bunge lao la mpito zilinimaliza vidole: viti 61 kwa kila ukoo mkubwa kati ya ile minne, 31 kwa koo ndogo zote pamoja.

Siku moja mzee mmoja alikataa kuingia ukumbini. Sisi tukadhani anadai viti. Afisa mmoja wetu aliyewahi kuishi Mogadishu alichukua vikombe viwili vya chai, akaenda kukaa naye chini ya mti. Alimuuliza habari za mvua, za ngamia, za wanawe, kwa Kisomali. Viti hakuvitaja kabisa. Mzee alikuwa amesalimiwa baada ya kijana wa ukoo wake mwenyewe, basi. Chai ilipokwisha waliingia wote wawili.

Sasa linganisha na Januari 2024, Ethiopia ilipotia sahihi na Somaliland, iliyojitenga na Somalia, hati ya kupata njia ya bahari, serikali ya Mogadishu ikawaka kwa hasira. Ofisini nilipokuwa, kijana mwerevu kabisa aliniuliza Berbera, bandari ya Somaliland, iko upande gani. Aliyekuwa akiijua Berbera mtaa kwa mtaa alikuwa amehamishwa mbali, na hakuna aliyefikiria kumpigia simu. Niliumia, Zuhura. Bado naumia.

Kwa hiyo omba mwaka mmoja zaidi. Wakikataa, basi dai mrithi wako aje mapema, umzungushe nyumba kwa nyumba, wazee wamwone akiwa nawe. Jina kwenye faili halinywi chai na mtu.

Na lile daftari lako la kijani, lenye koo na ndoa na nani hasemi na nani, usilitie kwenye sanduku la mizigo. Ukija likizo lilete mkononi. Chumba cha nyuma nimekwisha kukitandika, tutalinakili pamoja.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi